Dovie wa Zamani, Dovie wa Sasa

"Ukiulizwa ulikuwa unafanya nini Nashville, sema ulikuwa unapiga gitaa. Ishia hapo hapo."

Raelene Stidham aliyasema hayo huku akimnyoosha Hollis Caudill kola ya shati, ingawa kola yenyewe haikuwa na kasoro yoyote. Walisimama nyuma ya pikapu ya Hollis, mahali ambapo mtu aliyekuwa ndani ya nyumba asingeweza kuwaona. Ibada ilikuwa imekwisha muda si mrefu, na harufu ya kuku wa kukaanga ilikuwa imeshatoka nje kuwapokea.

"Na akiniuliza niliandika nini?"

"Hatakuuliza. Baba hajui kwamba nyimbo zinaandikwa. Kwake yeye, Dovie Ratliff anaamka asubuhi, anafungua mdomo, zinatoka."

Hollis alicheka. Raelene hakucheka. Mikono yake ilikuwa ya baridi japo jua la Kentucky lilikuwa linawaka juu ya milima, na Hollis aliishika yote miwili akaitia katikati ya viganja vyake.

"Rae, sipendi kumdanganya mtu ambaye nimekuja kumwomba binti yake."

"Kunyamaza si kudanganya."

"Inategemea unanyamazia nini."

Alimtazama kwa yale macho yake ya kijivu, macho ambayo tangu siku ya kwanza alipoingia saluni alikofanya kazi Raelene, kuulizia duka la nyuzi za gitaa, yalimfanya asahau maji ya moto juu ya kichwa cha mteja. Akayakwepa. Angeyatazama sana angeghairi, wangeingia kwenye pikapu na kuondoka, na baba yake angebaki na meza iliyoandaliwa na viti vitupu.

"Nifanyie hili moja tu," alisema. "Kwa leo."

Hollis aliitikia kwa kichwa.

Jambo lenyewe lilijulikana na kila mtu aliyeishi kando ya kijito cha Sparrow. Majira ya kuchipua ya mwaka juzi, mama yake Raelene, Nadine, alinunua kaseti mpya ya Dovie Ratliff. Akaipiga jikoni asubuhi, akaipiga jioni, na zaidi ya zote alikuwa akiurudia wimbo mmoja, "Nimeacha Mlango Wazi," hadi watu wa nyumbani wakawa wanauimba bila kujijua. Kisha siku moja Virgil Stidham alirudi kutoka mgodini, uso mweusi kwa vumbi la makaa, akakuta nyumba imefagiwa, chakula kimefunikwa juu ya jiko, na mke hayupo. Kaseti ilikuwa bado ndani ya redio. Aliitoa, akaiweka juu ya gogo la kupasulia kuni, akaiponda kwa nyundo.

Tangu hapo alikuwa na neno moja kwa yeyote aliyemuuliza: Nadine alikuwa mwanamke mwema mpaka ule wimbo ulipoingia nyumbani.

Na aliyeutunga, katika chumba kidogo cha kupanga huko Nashville, mji wa wanamuziki, ndiye huyu aliyekuwa ananyooshwa kola. Raelene alikuja kulijua hilo baadaye, wakati moyo wake ulikuwa umeshakwenda na haurudi. Alilia akiwa amejifungia saluni. Kisha akanawa uso, akachukua simu, akampigia Hollis.

"Twende," alisema sasa. "Na usimwite Virgil. Mwite Mzee."

*

Virgil alikuwa mtu mkubwa wa mifupa, aliyelegezwa na mapafu. Makaa ya mawe yalikuwa yamemkaa kifuani, na alipozungumza sana alikohoa hadi macho yakalowa. Alimpa Hollis mkono, akamminya kidogo kumpima.

"Caudill," alisema. "Wa Hazard au wa Blackey?"

"Wa Blackey, Mzee. Upande wa mama ndio Hazard."

"Mm. Blackey kuna watu na kuna wezi. Kaa."

Mezani alikuwepo shangazi Opal, dada yake Virgil, mjane mwenye ulimi mkali aliyehamia hapo kumpikia kaka yake baada ya Nadine kuondoka. Alikuwepo pia Garland, kaka yake Raelene, dereva wa lori la makaa, ambaye tayari alikuwa na paja la kuku mkononi kabla ya sala.

Virgil aliomba dua fupi. Baada ya amina hakuketi. Alikwenda kwenye kona, akaiweka santuri juu ya mashine kwa uangalifu kama anayelaza mtoto, akashusha sindano. Fidla ikaanza, halafu banjo, halafu sauti ya msichana, nyembamba na safi, ikaijaza nyumba.

Virgil alibaki amesimama, mgongo kwao.

"Kijana. Huyu ni nani?"

"Ni Dovie Ratliff," Hollis alijibu. "Santuri yake ya kwanza kabisa. Kabla hawajamwongezea ngoma."

Virgil aligeuka. "Fidla anapiga nani?"

"Mjomba wake. Sikiliza hapa mbele, kabla ya kiitikio. Anateleza." Hollis aliinua kidole, wakangoja, na fidla kweli ikateleza kidogo. "Wangeweza kurudia. Dovie akakataa. Alisema mjomba wake ndivyo anavyopiga nyumbani, na santuri ni ya nyumbani."

Uso wa Virgil ulibadilika kabisa. Ni kama mtu aliyekuwa anaongea lugha peke yake kwa muda mrefu, ghafla akapata wa kumjibu.

"Opal, umesikia hiyo? Huyu anajua!" Akaketi, akavuta kiti chake karibu na cha Hollis. "Mimi nimeusikia huo mtelezo maisha yangu yote, nikidhani ni santuri yangu imekwaruzika."

Raelene alivuta pumzi. Alimpitishia Hollis maharage na mkate wa mahindi, na vidole vyao vilipogusana chini ya bakuli, alivibana kidogo kumshukuru.

"Basi tuulizane," shangazi Opal alisema, akimimina chai ya barafu. "Orville Pettrey. Wa zamani au wa sasa?"

"Wa zamani," Hollis na Virgil walisema pamoja.

"Asante. Mimi nilimpenda Pettrey mpaka nikataka kuachana na marehemu, Mungu ananijua. Sasa anaimba kama mtu anayetangaza bei ya matairi."

"Shangazi, amezeeka, mwache," Garland alisema.

"Kuzeeka nako kuna namna! Mimi nimezeeka, umeona nikivaa suruali ya kung'aa?"

Wote walicheka, hata Virgil, akakohoa, akapigwa mgongo. Raelene aliwatazama mmoja mmoja na kwa mara ya kwanza siku hiyo akathubutu kutumaini. Labda wangefika kwenye keki. Labda baada ya keki Hollis angesema, Mzee, nina neno, na baba angekuwa bado anatabasamu.

Garland ndiye aliyeharibu. Hakukusudia. Alikuwa mtu wa kusema lililomjia.

"Mimi lakini mniache na Dovie wa sasa," alisema, akipangusa vidole. "Huyu wa zamani ni wa kukaa ukilia. Nikiwa na lori, mlima uko mbele, nataka zile ngoma. Nataka mwanamke anayeimba kama ana mahali pa kwenda."

Kijiko cha Virgil kilisimama.

"Nimesema nini kuhusu hilo humu ndani?"

"Baba, sijataja wimbo. Nimesema tu..."

"Umetaja!" Virgil alimgeukia Hollis, na sauti yake ikawa ya mtu anayemshitakia jirani. "Wewe ulikuwa Nashville. Niambie. Walimfanya nini yule mtoto wa watu? Sikiliza hapo." Alielekeza kidole kwenye santuri. "'Taa ya Jikoni.' Mwanamke anamngoja mumewe, taa inawaka, chakula kiko mezani. Huyo ndiye Dovie. Huyo alijua mwanamke ni nini. Halafu wanamchukua, wanamvisha, wanampa ngoma, na sasa anaimba nini? Kwamba ameacha mlango wazi, mbwa amlinde nani, yeye hayupo. Huo wimbo unaujua?"

"Naujua, Mzee."

"Unauonaje?"

Santuri ilikuwa imefika mwisho wa upande, ikawa inazunguka bila muziki. Hollis alimtazama Raelene. Raelene alitikisa kichwa, kidogo sana: usiseme. Alimaanisha asiseme kitu. Aseme hakumbuki, aombe chumvi, amsifie shangazi mkate. Vitu vya kusema vilikuwepo vingi.

Hollis alilamba midomo.

"Ni wimbo wa hovyo, Mzee," alisema. "Aliyeuandika hakujua alichokuwa anakisema."

Virgil aliipiga meza kwa kiganja hadi bilauri zikaruka.

"Ha! Garland, umemsikia mtu wa Nashville? Hovyo!" Akachukua kipande kikubwa cha kuku kilichobaki, akakitia kwenye sahani ya Hollis kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mwanangu. Opal, mwongeze viazi. Nilijua. Mtu anayesikia fidla ikiteleza hawezi kuupenda upuuzi ule."

Alimwita mwanangu. Ndilo neno ambalo Raelene alikuwa ameliomba kanisani asubuhi ile akiwa amepiga magoti. Sasa lilikuwa limekuja, na halikumfurahisha.

Kwa sababu alikumbuka mwaka ule. Mama alipoondoka bila kumuaga, yeye Raelene alimchukia. Alimchukia akiwa anakata nywele za watu, alimchukia huku akitabasamu. Mpaka siku moja wimbo ule ukapigwa redioni pale saluni, na kwa mara ya kwanza akayasikiliza maneno yake. Mwanamke wa kwenye wimbo anafagia nyumba kabla ya kuondoka. Anafunika chakula. Anasimama kwenye chumba cha binti yake, anashindwa kumwamsha, kwa sababu akimwamsha hataweza tena kwenda. Raelene aliizima mashine ya kunyolea, akaenda kukaa chooni. Alipotoka alikuwa anaijua sababu. Kesho yake alitafuta namba ya simu ya Dayton, Ohio, alikosikia mama yake anaishi, akampigia.

Hicho ndicho Hollis alichokiita hovyo, mbele yake, akipewa kipande cha kuku.

"Mwanamume gani anaweza kuandika kitu kama kile?" Virgil alikuwa bado anaendelea, amechangamka. "Ni mtu asiye na mama, huyo."

"Huenda hana," Hollis alisema, akicheka cheko la uongo.

Raelene aliweka uma chini.

"Ana mama," alisema.

Wote walimtazama.

"Anaitwa Verlie. Anaishi Blackey, nimekunywa naye kahawa jikoni kwake, na ana picha ya mwanawe ukutani amevaa shati hilo hilo alilovaa leo."

"Rae," Hollis alisema taratibu.

"Usiniite Rae. Baba, Hollis ndiye aliyeuandika."

*

 Mashine ya santuri iliendelea kuzunguka, ikikwaruza, mpaka shangazi Opal aliponyoosha mkono akaizima.

Virgil aliinuka polepole, akishika ukingo wa meza.

"Sema wewe," alimwambia Hollis. "Sitaki ya binti yangu. Nataka ya mdomo wako."

Hollis naye alisimama. Rangi ilikuwa imemtoka, lakini hakutazama chini.

"Ni kweli, Mzee. Niliuandika mimi."

"Na umetoka kuniambia sasa hivi ni wa hovyo."

"Hapo ndipo nilipodanganya."

"Umekaa kwenye kiti changu." Kifua cha Virgil kilianza kuvuma. "Umekula mkate wangu. Ukanisikilizisha fidla. Na ni wewe! Ni wewe uliyeingia humu kwenye redio ukamtoa mke wangu!"

"Baba, hakumtoa mtu!" Raelene alisema.

"Nyamaza! Alikuwa ametulia! Miaka yote ametulia! Alikuwa anaupenda huu hapa!" Aliipiga kofi mashine ya santuri. "'Taa ya Jikoni'! Tuliucheza harusini! Alikuwa anauimba akiosha vyombo, kila siku, mpaka huyu..."

Kikohozi kilimkata. Garland alimkimbilia na maji, Virgil akayasukuma. Alipopata pumzi, aliyezungumza hakuwa yeye wala Raelene. Alikuwa shangazi Opal, na hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Virgil, ubeti wa tatu unasema nini?"

"Nini?"

"Wa 'Taa ya Jikoni.' Ubeti wa tatu. Umeupiga kila Jumapili tangu ulipokuwa na nywele. Unasema nini?"

Virgil alimkodolea macho dada yake.

"Anamngoja mumewe..."

"Huo ni wa kwanza. Wa tatu anatazama barabara. Anasema angekuwa na gari angekwenda mpaka mahali ambapo hakuna mtu anayemjua, lakini hakufundishwa kuendesha, basi anarudi kuipunguza taa." Opal alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Yule mwanamke hangoji, Virgil. Amekwama. Ndiyo maana Nadine alikuwa anauimba akiosha vyombo. Wewe ulikuwa unasikia fidla."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema ni Dovie yule yule. Wa zamani na wa sasa, ni mwanamke mmoja. Tofauti ni kwamba huyu wa sasa amejifunza kuendesha gari. Na Nadine nilimfundisha mimi. Kule kwenye uwanja wa kanisa, ukiwa zamu. Aliniomba, nami nikajua anaombea nini, nikamfundisha. Kama kuna mtu wa kumfukuza hapa, anza na mimi."

Virgil alisimama katikati yao akiwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Raelene alitamani kumkumbatia na akaogopa.

Mwishowe alimnyooshea Hollis kidole.

"Toka."

Hollis alichukua kofia yake. "Asante kwa chakula, Shangazi," alisema, akatoka.

*

Raelene alimkuta ameshafungua mlango wa pikapu.

"Ndiyo unaondoka hivyo hivyo?"

"Nimefukuzwa, Raelene. Hukusikia? Na aliyenifukuzisha ni wewe." Uso wake ulikuwa umewaka. "Uliniambia ninyamaze! Kola hii hapa uliishika wewe, ukaniambia kwa leo tu, ishia hapo hapo. Nikafanya. Halafu unanivua nguo mbele ya watu wako!"

"Nilikwambia unyamaze. Sikukwambia uukane."

"Kuna tofauti gani?"

"Ungeniuliza hilo asubuhi, ukiwa na akili! Wewe ndiye uliyeniambia inategemea unanyamazia nini!" Machozi yalimjia kwa hasira na hakuyafuta. "Ule wimbo ndio ulionirudishia mama yangu. Unalijua hilo, nilikusimulia ukiwa umenishika. Na umeutupa chini kwa kipande cha kuku!"

"Nilitaka anipende!"

"Nani? Angempenda nani? Si wewe! Angempenda mtu ambaye hayupo, nami ningekaa na huyo mtu kila Jumapili mpaka nizeeke!"

 Hollis aliweka mkono juu ya paa la pikapu, akainamisha kichwa. Aliponena tena, hasira ilikuwa imekwisha, na sauti ilikuwa ya chini hata ikabidi Raelene asogee.

"Sikuwahi kukwambia ulikotoka."

"Wimbo?"

"Nilikuwa mdogo. Mama alinitia kwenye gari nyuma, na blanketi, na sanduku. Alikuwa amefagia nyumba yote. Nilimuuliza kwa nini unafagia kama tunaondoka, hakunijibu. Tukashuka hadi barabara kuu. Alisimamisha gari pale. Mbele ni Hazard, kwao, nyuma ni nyumbani. Akakaa ameshika usukani, analia, gari zinatupita. Halafu akageuza. Akapika chakula cha jioni. Baba hakuwahi kujua tulitoka." Akavuta pumzi. "Kwenye wimbo hakugeuza. Ndicho nilichoandika, basi. Nilitaka siku moja afike mahali. Na leo nimesema aliyeuandika hakujua alichokuwa anakisema. Umefanya vizuri kunivua nguo, Rae."

 Raelene alimshika mkono wa shati, pale kwenye kiwiko, akaushika tu.

"Bado unanitaka?" Hollis aliuliza.

"Nimekukasirikia. Sijakuacha. Ni vitu viwili."

"Aligeuza kwa nini?"

Waligeuka wote wawili. Virgil alikuwa amesimama barazani, mkono kwenye nguzo. Hawakujua amesimama hapo tangu lini. Garland na shangazi Opal walikuwa nyuma yake mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumpita.

"Mama yako," Virgil alisema. "Pale barabarani. Aligeuza kwa nini?"

"Sijui, Mzee. Sijawahi kumuuliza."

"Yuko hai, yuko hapo Blackey, na hujamuuliza."

"Naogopa atakachosema."

Virgil aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, polepole, akitazama kule bondeni na wala si Hollis. Upepo ulishuka mlimani ukatikisa nguo za Opal kwenye kamba. 

"Wewe unaongea naye," Virgil alisema. Hakumtazama, lakini Raelene alijua anaambiwa yeye. "Nadine. Najua unaongea naye. Kule saluni."

"Ndiyo, Baba."

"Muda mrefu najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?" Kifua kilivuma, akakinyamazisha kwa kiganja. Kisha akauliza, na ilimchukua muda, kama mtu anayenyanyua jiwe lililomzidi nguvu. "Hajambo?"

 Tangu siku ile ya nyundo, jina la mama yake halikuwahi kutoka kwenye mdomo ule isipokuwa kwa kulaumiwa.

"Hajambo, Baba. Anafanya kazi kwenye duka la mikate. Amenenepa kidogo. Anasema analala usingizi."

"Analala."

"Ndiyo."

"Hapa alikuwa halali," Virgil alisema. "Nilikuwa namsikia. Nilidhani ni kikohozi changu kinamsumbua. Sikumuuliza."

Shangazi Opal aliweka mkono begani kwa kaka yake, naye hakuuondoa.

"Tunakwenda saluni kumpigia simu," Raelene alisema. Hakuwa amepanga kulisema, lilitoka lenyewe. "Mimi na Hollis. Nataka kumwambia kwamba naolewa. Nitaolewa, Baba. Hata ukikataa. Lakini nisingependa ukatae."

Hollis alimgeukia ghafla, macho yamemtoka, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa hajapata nafasi ya kuomba. Mlangoni Garland alianza kucheka, Opal akamfinya.

Virgil alimtazama kijana wa Blackey kuanzia kofia hadi viatu. Alimtazama kwa muda mrefu, bila upendo, lakini ile chuki ya mezani nayo haikuwepo. Kulikuwa na uchovu tu, na kitu kingine ambacho Raelene hakuwa amewahi kukiona katika uso ule, kitu kama haya.

"Mwambie mama yako..." alianza, akimgeukia Raelene.

Wakangoja. Alinyanyua mkono, ukabaki hewani ukitafuta neno, kisha akaushusha pembeni mwa mguu.  Raelene alimwona akilitafuta na kulikosa, na ilibidi ajizuie asipande ngazi kwenda kumshika.

"Nenda, mwanangu," baba yake alisema. "Usimcheleweshe mwenzako."